Boti ya zimamoto, kazini na baada ya kustaafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa na watu wa bandari pale Malindi ya Unguja, swali la boti za zimamoto halikosi kuzuka, hasa pakitokea moto mjini na gari la faya likachelewa njiani. Watu wanayatazama maji yote yale ng'ambo ya barabara ya Mizingani na kuuliza mbona hayatumiki. Majibu haya ni kwa mabaharia, mafundi, waongoza watalii na yeyote anayepigiwa simu kuuziwa chombo kikuukuu kutoka nje. Msimamo wangu nausema mapema: boti ya zimamoto ni pampu kwanza, chombo baadaye. Ukitaka kujua kama inafaa kazi, kama istaafu, au kama inafaa kununuliwa ikishastaafu, anza na pampu.

Boti ya zimamoto ni chombo cha namna gani hasa?

Ni chombo kinachonyonya maji ya bahari kutoka chini yake, kuyasukuma kwa nguvu, na kuyatoa juu kupitia mizinga ya maji iliyofungwa kwenye sitaha. Hakibebi maji ya kuzimia. Hapo ndipo kinapolishinda gari la zimamoto, ambalo hubeba lita elfu chache, na zikimalizika linatafuta kisima, bomba la mtaani au gari jingine la kulijaza.

Chini ya mwili wa chombo kuna tundu lenye wavu wa chuma, na nyuma ya wavu kuna vali ya bahari. Mtu wa mashine huifungua taratibu na kuiacha hewa itoke kwenye mabomba. Mafundi wengi huweka kiganja juu ya bomba: chuma kilichokuwa na joto la chumba cha injini kinapoa ghafla, ndipo wanajua maji yameshafika. Halafu pampu huongezwa kasi, geji inapanda, na mwisho kabisa hufunguliwa mzinga. Ukianzia mwisho, yaani ukifungua mzinga kabla pampu haijashika maji, utaisikia pampu ikinguruma kavu, na pampu inayonguruma kavu haiishi siku nyingi.

Mzinga ukitoa maji mbele, chombo kinasukumwa nyuma. Nahodha asipokuwa na injini ya kushindana na msukumo huo, anajikuta anaondoka kwenye moto badala ya kuukaribia.

Inatoa maji kiasi gani?

Inategemea ukubwa wake. Massey Shaw ya London, iliyojengwa 1935, ilikuwa na uwezo wa galoni 3,000 za Kiingereza kwa dakika, yaani kiasi cha lita 13,600. John J. Harvey ya New York, iliyoshushwa majini 1931, ilifika galoni 18,000 za Kimarekani, karibu lita 68,000 kwa dakika. Fire Fighter, ya mji huohuo, ilianza kazi 1938 ikiwa na galoni 20,000.

Siku hizi vyombo hupimwa kwa madaraja ya kimataifa. Daraja la kwanza linataka pampu zenye uwezo wa mita za ujazo 2,400 kwa saa, mizinga miwili, na maji yafike umbali wa mita 120. Kwa lugha ya mtaani, hizo ni tani 40 za maji kila dakika.

Maji ya chumvi hayaharibu?

Yanaharibu, tena sana. Baada ya kila moto na kila zoezi, mabomba, vali na mizinga husukutuliwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukiacha chumvi ikauke ndani, vali zinaganda, na siku ya hatari unahitaji nyundo kuzifungua. Chini ya chombo hufungwa vipande vya zinki ili vilike vyenyewe kabla ya chuma. Wavu wa kunyonyea nao una adui zake. Hapa kwetu adui wa kwanza ni mifuko ya plastiki, wa pili ni majani ya bahari yanayosombwa baada ya upepo mkali. Mfuko mmoja ukibandikwa kwenye wavu unatosha kuifanya pampu kubwa itoe maji ya kunawa mikono.

Siku ambazo hakuna moto, mabaharia wake wanafanya nini?

Hizo ndizo siku nyingi. Kuwasha injini, kuzungusha vali moja moja, kupaka grisi, kukwangua kutu, kupaka rangi, kukagua mipira ya maji. Pia boti hizi hutumwa kuokoa watu, kutafuta waliozama, kusukuma maji nje ya vyombo vinavyovuja, na kurusha maji juu meli mpya inapokaribishwa bandarini. Edward M. Cotter ya Buffalo, Marekani, ina kazi ambayo mtu wa Unguja ataisikia kama hadithi: wakati wa baridi inavunja barafu mtoni ili maji yapite. Chombo hicho ni cha mwaka 1900 na bado kiko kazini.

Ingeweza kusaidia moto wa Mji Mkongwe?

Kwa sehemu. Nyumba za ukingoni, kuanzia Malindi, Mizingani, Forodhani mpaka Shangani, ziko karibu na maji, na mizinga ingezifikia ikiwa maji yamejaa na chombo kinaweza kusogea. Ukiingia ndani, Hurumzi au Kajificheni, hakuna mzinga utakaopita juu ya mapaa kumtafuta moto alipo.

Ila kuna njia ya pili ambayo watu huisahau. Boti inaweza kufunga ukingoni na kuwa kituo cha pampu: inanyonya bahari na kulisha mipira inayovutwa vichochoroni kwa mikono, pale gari lisipopita. Ndivyo ilivyofanya boti ya San Francisco iitwayo Phoenix mwaka 1989. Tetemeko la Loma Prieta lilivunja mabomba ya maji ya mji, mtaa wa Marina ukawaka, na maji ya kuuzima yakatoka baharini kupitia boti hiyo. Kwa mji wenye vichochoro kama wetu, naliona somo hilo kuwa na thamani kuliko mzinga wa kurusha maji juu na kupigiwa picha.

Tahadhari moja. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Maji ya chumvi yakizama humo, chumvi hubaki, inakauka, inakuwa fuwele na kuibomoa lipu miezi baadaye. Nyumba inayowaka huchagui maji, lakini moto ukishazimwa watu wa uhifadhi waitwe mapema, na ukuta uoshwe kwa maji baridi kabla haujapakwa chokaa mpya.

Na mahoteli ya makuti huko shamba, Paje, Jambiani, Kiwengwa?

Hapana, au mara chache mno. Pwani ya mashariki bahari ikipwa inarudi nyuma mpaka kwenye mwamba, na wakina mama wa mwani wanatembea kwa miguu mahali ambapo saa sita nyuma palielea mashua. Chombo chenye pampu kubwa kinahitaji kina. Na makuti yakishika moto wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, paa limekwisha kabla nahodha hajang'oa nanga mjini. Huko dawa ni matangi ya maji ya hoteli yenyewe, pampu ndogo inayojiendesha kwa dizeli, nafasi kati ya banda na banda, na wafanyakazi waliofundishwa.

Kupwa na kujaa kuna athari hata mjini. Bamvua la Unguja, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, linashusha maji kwa kiasi cha mita nne. Pampu ya kubebeka iliyowekwa juu ya ukuta wa gati inaweza kunyonya vizuri saa za maji kujaa, kisha ikashindwa yakipwa, kwa sababu pampu ya kunyonya kwa kawaida haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita saba au nane hata ikiwa mpya. Pampu iliyo ndani ya chombo haina shida hiyo, maana inashuka na kupanda na bahari.

Ni kweli kwamba maji ya kuzimia moto yanaweza kuzamisha meli?

Kweli kabisa. Februari 1942 meli kubwa ya Ufaransa, Normandie, iliwaka moto gatini New York wakati ikigeuzwa kuwa ya kubeba wanajeshi. Boti na magari ya zimamoto yaliimwagia maji mchana na jioni. Moto ukadhibitiwa, lakini maji yalibaki kwenye sitaha za juu, meli ikaanza kulala upande, na usiku huo ikapinduka palepale gatini.

Maji yaliyoko juu na yenye nafasi ya kuyumba ni mabaya kuliko shehena ya uzito uleule. Ni kama kubeba karai la maji kichwani: ukiinama kidogo, yote yanakimbilia upande ulioinamia. Kwa hiyo kiongozi wa zimamoto anayejua kazi yake hukaa na nahodha wa meli inayoungua, wakahesabu maji yanayoingia na yanayotoka. Kwa feri zetu zenye sitaha pana ya magari, hesabu hiyo ina uzito zaidi.

Tagi ya bandari (boti ya kuvuta na kusukuma meli) yenye mizinga haitoshi?

Kwa bandari nyingi ndogo inatosha, na mimi naona ndiyo njia ya busara. Tagi inafanya kazi kila siku, injini yake haipozi, mabaharia wake hawasahau kazi. Boti ya zimamoto pekee, katika bandari yenye moto wa nadra, inakuwa chombo cha kupakwa rangi. Lakini tagi yenye mizinga isiyojaribiwa nayo ni pambo. Fungueni mizinga hiyo kila wiki.

Kwa nini boti hizi hustaafishwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba bandari zenyewe zimebadilika. Boti kubwa za miaka ya 1900 mpaka 1930 zilijengwa kwa ajili ya magati ya mbao, maghala ya pamba na meli zilizojaa shehena ya kuungua. Yakaja makontena ya chuma, magati ya saruji, na bandari zikahamia nje ya miji. Sababu ya pili ni watu: boti ya zamani ilihitaji mabaharia wengi, ya sasa inaendeshwa na wachache. Vipuri ni habari nyingine, maana injini ambayo kiwanda chake kilikufa zamani hukaa chelezoni, pale vyombo vinapopandishwa kutengenezwa, ikisubiri fundi wa kuchonga kifaa kimoja.

Zikistaafu zinakwenda wapi?

Nyingi zinakatwa chuma chakavu, wala hakuna anayeandika habari zake. Zilizosalia zina njia mbalimbali.

Massey Shaw ilistaafu 1971. Ilikuwa na sifa ya pekee: mwaka 1940 ilivuka mpaka Dunkirk, Ufaransa, ikachukua mamia ya wanajeshi kutoka ufukweni. Pamoja na sifa hiyo iliachwa ikachakaa, mpaka watu wa kujitolea walipoichukua na kuifufua. Pyronaut ya Bristol, Uingereza, ya mwaka 1934, iko mikononi mwa makumbusho ya mji, na bado inatolewa kurusha maji mbele ya watu. Fire Fighter imekuwa makumbusho. Fred A. Busse ya Chicago iliishia kubeba watalii.

Ninayoipenda kuisimulia ni Alexander Grantham ya Hong Kong. Ilianza kazi 1953, ikastaafu 2002, kisha ikanyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa nchi kavu katika bustani ya Quarry Bay, watoto wa skuli wanapanda na kushuka. Kuiweka nchi kavu kuna faida: hakuna uvujaji, hakuna haja ya chelezo. Hasara yake ni kwamba pampu haitanyonya tena bahari. Mji uliochagua hivyo umechagua sanamu ya chombo, na si vibaya, mradi ujue ulichochagua.

Zipo pia zilizokosa yote hayo. Abram S. Hewitt ya mwaka 1903, boti ya mwisho ya zimamoto New York kuchoma makaa, mabaki yake yamekaa kwenye tope huko Staten Island pamoja na meli nyingine zilizotupwa.

Kuna iliyostaafu ikaitwa tena kazini?

John J. Harvey. Iliuzwa kwa mnada 1999 kwa kundi la watu binafsi ambao wengi waliinunua kwa mapenzi tu. Hawakuifanya ukumbi wa sherehe wala hawakung'oa pampu, walizitengeneza. Septemba 11, 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka, mabomba makuu ya maji ya eneo lile yalivunjika. Harvey ilikuwa imeanza kwa kuondoa watu ukingoni, halafu ikaombwa irudi kusukuma maji. Ilifanya kazi pamoja na boti za serikali kwa takriban saa 80.

Watu wakinisimulia mpango wa kugeuza chombo cha zamani kuwa mkahawa, huwa nauliza jambo moja tu: pampu mtaiacha? Ikiachwa, na vali zake zikazungushwa, chombo kina akiba ya kazi. Ikiuzwa kwa kilo, kilichobaki ni banda linaloelea.

Nimepata boti ya zimamoto ya bei rahisi Ulaya. Niilete niifanye ya abiria, Unguja na Pemba?

Kaka, au dada, usifanye hivyo.

Nitafafanua, kwa kuwa swali hili linakuja na pesa mkononi. Boti nyingi za zimamoto za mijini zilijengwa kwa mito na bandari zilizotulia. Massey Shaw, Pyronaut na Fred A. Busse zote zilifanywa fupi kwa juu ili zipite chini ya madaraja. Bahari ya Nungwi wakati wa kusi haina madaraja, ina mawimbi na mkondo. Pia uzito wa chombo kile ulipangwa kwa ajili ya pampu zilizoko chini. Ukizing'oa na kupanga viti na abiria juu, umebadilisha mizani yote ya chombo, na mizani hiyo haipimwi kwa macho.

Sisi hatuhitaji mfano wa mbali. MV Skagit ilikuwa feri ya abiria kwenye maji ya Puget Sound, Marekani, mahali palipozungukwa na nchi kavu. Ikaletwa huku, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla, 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilikuwa imezama ikielekea Pemba. Familia zilizopoteza watu zipo, tunaishi nazo.

Kama bado unaitaka kwa kazi nyingine, mathalani kusukuma maji au kuokoa vyombo bandarini, fanya haya kabla ya kulipa. Ipandishwe chelezoni na unene wa chuma upimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, sehemu kwa sehemu, hasa chini ya chumba cha injini na kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Uliza kama iliishi maji baridi au ya chumvi. Dai hesabu za uthabiti zilizofanywa na mhandisi, si maneno ya dalali. Washa pampu mbele yako, saa nzima, siyo dakika tano. Kisha zungumza na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kabla chombo hakijaondoka huko kiliko, kwa sababu kukikataa kikiwa kimeshafika Malindi ni hasara yako peke yako.

Tena chunguza sumu. Vyombo vya kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi vina asbesto kwenye mabomba ya moshi na rangi yenye risasi. Matangi ya zamani ya povu la kuzimia moto yana kemikali ambazo haziozi. Fundi wa kwetu atakwangua rangi hiyo bila kitu puani, na wewe ndiye utakuwa umemletea.

Kwa nini tusiizamishe iwe nyumba ya samaki?

Inawezekana, lakini watu huanza na picha ya wazamiaji wakati kazi yenyewe inaanza na kusafisha. Mafuta yote, nyaya, plastiki, asbesto na rangi zenye sumu lazima vitolewe, milango ikatwe ili mtu asinase, na mahali pachaguliwe mbali na mwamba hai na njia ya vyombo. Gharama inaweza kupita bei ya chombo. Na Unguja haina upungufu wa mabaki ya chini: HMS Pegasus, iliyopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, bado ina sehemu zake nje ya bandari, japo chuma chake kingi kilishaopolewa. Kuna matumbawe hai Chumbe, Mnemba na Misali yanayohitaji kulindwa kabla hatujatengeneza ya chuma.

Nina faiba (boti ndogo ya fiberglass) ya watalii ya kwenda kisiwa cha Changuu. Injini ikishika moto nifanye nini?

Kata mafuta kwanza. Geuza chombo ili upepo uupeleke moto nje, usiwapelekee abiria. Tumia kizimamoto cha unga, ukilenga shina la moto. Petroli usiimwagie maji, itaelea juu yake na kusambaa. Abiria wawe wameshavaa majaketi tangu ukingoni, si wakati huo. Na yale madumu ya akiba uliyoyafunga karibu na injini kwa sababu ni rahisi kuyafikia, yahamishe leo.